Mtani Aliyeniruka

Msamala, Songea
14 Aprili 2024

Nassoro,

Sikusalimii. Salamu ni za watu wenye uhusiano.

Barua hii ni agizo la kliniki. Kuna muuguzi wa afya ya akili, Sista Lidwina, mtawa mfupi asiyejua kuogopa wazee. Amenipa karatasi akasema, "Baba Egidi, mwandikie huyo unayemchukia, mwaga yote, halafu ichome jikoni. Utapata nafuu." Basi nimeandika. Kuichoma siichomi. Nampa Saimon, kondakta wa basi linalopita Tunduru, aishushe hapo Nakapanya kwenye kibanda chako cha korosho. Simu yako nimeizuia, usijisumbue.

Nakukumbusha, maana watu kama wewe mnasahau upesi. Tarehe sita Januari tulikuwa kijijini kwetu, karibu na Hanga, tunamzika mama yangu Kunegunda. Ulikuja na kundi lako la Wayao kufanya utani wa msibani, na mimi nilifurahi. Miaka ishirini na miwili nilikuwa bwana shamba huko kwenu, mimi ndiye niliyekufundisha kupuliza salfa kwenye mikorosho wakati wewe unaipulizia dua tu, na katika miaka yote hiyo hatukuzika mtu bila mtani wake. Ukavaa kitenge cha marehemu. Ukatembea na mkongojo wake. Ukazuia jeneza lisishuke mpaka upewe kuku. Sawa, hayo ni haki yako.

Halafu nikaanguka. Kifua kilibana kana kwamba mtu amenikalia na gunia la mahindi mkononi. Nikadondoka pembeni ya kaburi la mama yangu, kwenye tope. Na wewe ulifanya nini? Uliniruka! Ukaniruka huku, ukaniruka kule, ukalala kando yangu ukajifanya unakoroma, ukapiga kelele, "Bi Kunegunda, fungua mlango, mwanao mchoyo anakufuata ili asilishe wageni!" Watu wakacheka mpaka wakashika matumbo. Wayao wako wakanimwagia unga usoni. Katekista alicheka. Mke wangu alicheka. Nusu saa, Nassoro! Nusu saa nakufa watu wanashangilia, wakidhani najibu utani kwa utani. Mpaka dada yangu Hilda alipokuja kunifuta unga akaona midomo imegeuka rangi, ndipo kilio kikawa kilio.

Daktari alisema moyo ukishambuliwa hivyo kila dakika ina thamani, na dakika zangu zilikwisha wakati mnacheka. Sehemu ya moyo wangu imekufa na haitafufuka. Jembe siliwezi. Kwaya nimeacha, besi inataka pumzi na mimi pumzi zinaniishia katikati ya mstari. Chumvi marufuku, kitimoto marufuku, pombe ya ugimbi marufuku, sigara usiseme. Kutwa nakaa kwenye kiti natazama ukuta wa jikoni. Hata kuoga naona kazi ya wiki nzima. Wao wanaita sonona. Mimi naita Nassoro.

Nimewaambia wanangu: nikifa, usikanyage. Nitazikwa kimya kama Mzungu. Lakini kabla sijafa nitakulipa. Sijui kwa njia gani, ila muda wa kufikiri ninao mwingi.

Egidi


Msamala
28 Aprili 2024

Shemeji Nassoro,

Habari za huko. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Egidi anasikia kila neno, jikoni hatoki.

Barua yake najua umeipata. Niliisoma kabla hajaifunga, bahasha nilimnunulia mimi. Nataka nikwambie kitu. Siku aliyoiandika alinyoa ndevu. Tangu tumtoe hospitali Dar hajawahi kunyoa. Alikula sahani nzima. Aliuliza basi la Tunduru linapita saa ngapi. Miezi mitatu sijasikia mtu huyu akiuliza kitu chochote, shemeji! Nikimwambia mvua inanyesha, haangalii dirishani. Nikimwambia mjukuu amezaliwa, anasema "sawa". Wiki iliyopita nikigeuza godoro nimekuta vidonge vyake vya moyo vimefichwa, vingi, vimeloa mate. Vyote nilidhani amemeza.

Najua unachotaka. Umenipigia unalia, unataka uje na kanzu yako uanguke miguuni pake uombe radhi. Nakukataza. Ukimwomba radhi atasamehe, ni Mkristo, halafu atarudi kwenye ukuta wake na atakufa. Hana kitu kingine kilichobaki ndani isipokuwa hasira juu yako. Basi mpe hasira. Mjibu kama mtani. Mchokoze, mtukane, mpe sababu ya kuamka kesho.

Na usidhani nafanya hivi kwa kukuhurumia. Mimi nilicheka pale makaburini, na niliyecheka naye ni wewe. Sijajisamehe, nitakusamehe wewe vipi? Adhabu yako ndiyo hii: utakaa na huo msamaha wako mdomoni, usiuteme, usiumeze, mpaka mimi nikwambie.

Barua hii ichane.

Notburga


Nakapanya
10 Mei 2024

Kwa marehemu mtarajiwa, Egidi,

Barua nimepata. Mwandiko mzuri kwa mtu aliyeoza.

Nimeisoma kibandani mbele za watu, tena mara mbili, wakaomba niirudie. Kumbe unakaa unatazama ukuta? Haya basi, ukuta umesemaje? Nyie Wangoni mnaotusumbua masikio kila siku kwamba babu zenu walitembea kwa miguu toka kwa Wazulu, wakavuka Zambezi na watoto mgongoni, wakapiga kila waliyemkuta njiani! Leo mjukuu wao hawezi kutoka Msamala kufika Bombambili bila kushika kifua. Wangekuona wangerudi walikotoka kwa aibu.

Eti umenikataza kukuzika. Tangu lini mtani akakatazwa? Ufe leo, kesho niko hapo. Nitavaa suti yako ya kwaya. Nitakaa kwenye hicho kiti chako nitazame huo ukuta wako, nione una utamu gani. Nitawapikia waombolezaji maharage yasiyo na chumvi, niseme ndiyo wosia wa marehemu. Jembe la kukuchimbia nimeshalinoa, lipo nyuma ya mlango, kuku wanalilalia.

Halafu nikwambie habari njema ambayo haikuhusu. Shakila wangu anaolewa na Azizi, kijana wa Tunduru mjini, Jumamosi tarehe tisa Novemba, hapa hapa Nakapanya. Kadi yako sikuandika. Harusini hatualiki watu wa kubebwa. Na unavyojikalia hivyo, Novemba hufiki.

Ni mimi ninayekungoja kwa jembe,
Nassoro


Msamala
2 Juni 2024

Nassoro,

Leo nimefika Bombambili. Kwa miguu yangu, na nimerudi. Nimekaa njiani mara tatu, na mara ya tatu nimetapika mbele ya fundi baiskeli, akaniletea maji akaniuliza, "Mzee, unakwenda wapi?" Nikamwambia nakwenda Nakapanya. Akadhani nimechanganyikiwa.

Sikiliza vizuri. Asubuhi nakunywa uji wa ulezi, sukari hamna. Mchana ugali kidogo, kiasi cha ngumi, mboga za majani na maharage hayo hayo unayoyacheka. Nyama nono sijaitia mdomoni tangu barua yako ifike. Sigara ya mwisho nilimpa George wa jirani mbele ya mke wangu. Vidonge vyangu vyote nameza, cha presha, cha kuzuia damu isigande, cha mafuta, na kila kimoja kabla sijakimeza nakitaja jina lako. Notburga anadhani nasali.

Umenoa jembe? Endelea kulinoa. Wewe umenizidi miaka mitatu, unakula mchuzi wa nazi kila siku na tumbo lako linakutangulia mlangoni. Nitakuzika mimi. Nitakuruka huku na huku mpaka sanda ipeperuke. Kila asubuhi nikiamka najisikia sitaki kuamka, nakwambia ukweli, mwili mzima unakataa. Halafu namkumbuka mtu mmoja amevaa kitenge cha mama yangu, anacheka. Naamka!

Na harusini nitafika. Mtani hahitaji kadi.

Egidi


Nakapanya
21 Juni 2024

Kwa Shemeji Notburga,

Assalam aleikum. Natumaini hujambo.

Shemeji, nimeshindwa. Barua ile ya kejeli niliiandika siku nne, na kila mstari nilikuwa naomba istighfari. Mnasoma huko mnaona mtu anacheka. Mama yangu, Bi Mwamvua, aliniuliza, "Nassoro, ni mzigo gani huu unauandika unalia hivyo?" Nikamwambia vitunguu.

Mimi si mtani tena. Majuzi tulikuwa na msiba wa Mngoni mmoja hapa barabarani. Watu wananingoja nianze, nimesimama pembeni kama mgeni. Kila mtu akikohoa namwangalia midomo. Nimekwenda zahanati nikamwomba nesi, binti mmoja anaitwa Zena, anifundishe mtu akianguka anafanywaje. Alinifundisha juu ya mto wa kulalia: weka viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu, usione huruma. Sasa ule mto nauweka sakafuni kila Ijumaa baada ya swala najizoeza. Wanangu wanadhani baba yao amerogwa.

Nakuomba, shemeji. Niruhusu nije nimwambie neno moja tu, nisamehe. Baada ya hapo anipige hata na mchi, sitainua mkono.

Nassoro


Msamala
5 Julai 2024

Shemeji,

Jibu langu ni hapana.

Nimesoma nikakuonea huruma, halafu nikaikataa hiyo huruma. Egidi anatembea kila siku. Suruali zinamvuka. Kliniki wamempima mafuta kwenye damu, yameshuka, daktari amempa mkono. Unataka nivuruge hayo ili wewe ulale vizuri?

Lakini nikueleze na upande wa pili, nisiwe mwongo. Kucheka bado hacheki. Usingizi hana, kukikaribia kupambazuka namsikia anasaga meno. Sista Lidwina aliniita pembeni. Akasema, "Mama, hasira imemtoa kitandani, lakini ndani mwake haijamponya. Presha yake bado iko juu, na mwenye chuki hivi moyo wake haupumziki hata akiwa amekaa." Amemwongezea dawa ya sonona, kidonge kimoja asubuhi, na kila Alhamisi anatakiwa aende wakae wazungumze. Dawa anameza. Kuzungumza, Sista anasema, anazungumza habari zako tu.

Naogopa, shemeji, sikufichi. Lakini mtu anayepanga kukuua wewe namwelewa kuliko mtu anayepanga kufa. Yule wa kupanga kufa nilikuwa simfikii kabisa. Huyu anagombana na mimi habari ya chumvi, na tukigombana najua nina mume.

Endelea kumchokoza. Nikikuhitaji nitasema.

Notburga


Msamala
20 Oktoba 2024

Sista Lidwina mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Alhamisi mbili sijaja kliniki, na Alhamisi ijayo pia siji, nina mazoezi. Ulisema nikishindwa kusema kwa mdomo niandike. Naandika, na najua siri ya mgonjwa hutaitoa.

Nimepata njia ya kumlipa. Ilinijia pale sokoni, nimesimama kwenye dagaa, nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akasogeza beseni lake. Nassoro anaozesha binti tarehe tisa. Nitafika. Wayao wataniona watashangilia, "Mngoni kaja!", watangoja vituko vyangu. Nitawapa kidogo: nitakaa mlangoni nimzuie bwana harusi, nitadai jogoo. Halafu, watu wakiwa wamejaa, nitashika kifua nianguke.

Nitaanguka vizuri, Sista. Nimejizoeza kwenye shamba la mihogo, Notburga akiwa ameenda jumuiya. Na wote watacheka, kwa sababu mtani akianguka harusini ni utani. Mmoja tu hatacheka. Huyo mmoja atajua, na hatajua. Atasimama pale katikati ya kicheko aone dunia nzima haimwamini. Nataka aonje. Nataka nilale chini pale nimwangalie uso.

Utasema ni dhambi. Labda. Lakini umeniambia mara ngapi nitafute kitu cha kutazamia mbele? Hiki nakitazamia. Nimepungua kilo tisa kwa ajili yake.

Ukitaka kuniombea, omba basi lisiharibike.

Egidi


Songea
28 Oktoba 2024

Baba Egidi,

Milele amina.

Siri yako sitoi, ila nakwambia wazi sijapenda. Nimekwenda nyumbani kwako mara mbili, sijakukuta, mama anasema uko matembezini.

Mimi si mwepesi wa kuhubiri. Nina swali moja, na nililiweka nikingoja upate nguvu. Umenieleza habari ya siku ile mara nyingi mno. Najua Nassoro alivaa nini, aliruka mara ngapi, alisema nini, nani alicheka. Wewe mwenyewe, pale chini, hujawahi kuniambia ulifanya nini. Nusu saa ni ndefu, Baba. Ulikuwa na fahamu. Ulikuwa unawaza nini? Mbona hukumshika mtu mguu ukamwambia unakufa?

Njoo Alhamisi. Usije kwa ajili ya harusi wala Nassoro, njoo unijibu hilo.

Sista Lidwina


Nakapanya
14 Novemba 2024

Egidi,

Sina utani leo.

Umefanya. Hongera. Ulianguka mlangoni kwangu, Azizi amesimama na kanzu yake mpya, matarumbeta yanalia, na watu wangu wote wakapiga makofi, "Mngoni kaanza!" Mimi nikaona midomo yako. Sijui ulijipaka nini. Nilikurukia nikakandamiza kifua kama nilivyofundishwa, nikapiga kelele, "Ni kweli, jamani, hii ni kweli, leteni gari!" Na unajua kilichotokea. Walicheka. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyocheka. Mama yangu mzazi alipiga kigelegele. Kuna mtu alinimwagia mchele kichwani. Nilikuwa nawalaani ndugu zangu kwa majina yao, na wao wanasema, leo Nassoro ametuweza.

Mpaka ubavu wako ukavunjika, ukapiga ukelele, ukafumbua macho. Ukanitazama. Ukaniambia polepole, "Umeonja?" Halafu ukainuka, ukajipangusa vumbi, ukaenda kungoja basi ukiwa umejishika ubavu. Shakila alinikuta nimekaa chini na mchele kichwani. Hiyo ndiyo harusi ya mwanangu.

Sawa. Sasa na mimi nina hasira. Miezi yote hii nimekuandikia matusi kwa amri ya mkeo, alinikataza kukuomba radhi, alisema hasira ndiyo dawa yako. Muulize. Nimetii. Nimekubali kuitwa muuaji Tunduru nzima na Songea nzima. Sasa basi.

Mimi nilikuuliza, Egidi. Kabla ya ule unga. Nilipolala kando yako nikijifanya nakoroma, niliweka mdomo sikioni mwako nikakwambia, "Mtani, ni kweli au unacheza?" Ulikuwa na fahamu zako. Ulinitazama, ukanijibu. Maneno mawili.

Sijamwambia Notburga, sijamwambia Hilda, sijamwambia shehe wangu. Nilidhani ugonjwa umekufuta kumbukumbu, nikasema acha nibebe mimi, mkeo akisikia itamchoma kuliko kifo. Lakini Jumamosi nimekutazama machoni. Unakumbuka. Umekumbuka muda wote ukiniandikia yale uliyoniandikia!

Mwambie mkeo ulinijibu nini. Mwambie kwa mdomo wako. Krismasi ikifika hujasema, nakuja Msamala nasimama mlangoni kwenu nayasema mimi, na safari hiyo hakuna atakayecheka.

Nassoro


Msamala
1 Desemba 2024

Nassoro,

Nilikujibu, "Ruka tena."

Nimeliandika. Uliniuliza kama ni kweli, nikakwambia ruka tena. Ukaruka. Ungefanya nini kingine? Mtani ameambiwa na mtani wake aendelee.

Wiki iliyopita nimemwambia Sista Lidwina. Nilikaa kwenye lile benchi lake mpaka chai ikapoa, halafu nikasema. Aliniuliza, "Ulitaka kufa?" Nikasema ndiyo. Ndugu yangu, neno hilo sijawahi kulitoa mdomoni hata kwenye kitubio. Nililia nikamlowesha shela.

Haikuanza makaburini. Tangu nistaafu nilikuwa naamka sioni sababu ya kuvaa viatu. Naimba kwaya, natania watu barabarani, nacheka, ndani hamna mtu. Kila aliyeniona alisema Mzee Egidi ana raha zake. Nikawa namngoja mama tu, nimzike nisimwachie huzuni ya kunizika yeye. Siku ile kifua kilianza kuuma alfajiri nikanyamaza. Nilipoanguka nikasema moyoni, afadhali, imekuja yenyewe, sikuiita, padre hatakuwa na neno. Na watu wanacheka, hakuna anayelia. Nikaona ni njia nzuri ya kuondoka. Ndipo ukaleta mdomo wako sikioni na kuniuliza. Ulikuwa mtu wa pekee pale aliyeuliza.

Halafu Hilda akanifuta unga nikabaki. Nikabaki na moyo nusu, na kila mtu ananisikitikia, na siwezi kumwambia yeyote. Nikakuchukia wewe. Nilikuchukia kwa sababu ulinitii.

Nimemwambia na Notburga. Alikuwa anachambua maharage. Aliinuka na ungo wote akanimwagia, akasema, "Mimi nimekaa najilaumu kwa kile kicheko, kumbe wewe ulikuwa unanikimbia!" Akaenda Hanga kwa Hilda siku sita. Nilijipikia mwenyewe. Chumvi sikuweka, ingawa hakukuwa na mtu wa kuniona. Dawa nimemeza zote, na sikutaja jina la mtu. Sista amesema dawa ya sonona itachukua muda, ameipandisha kidogo, na sasa naenda Jumatatu na Alhamisi. Sijapona. Asubuhi bado ni mbaya. Ila sasa nikiamka vibaya nasema nimeamka vibaya, kuna mtu anasikia.

Nilikuharibia harusi ya Shakila kwa kosa ambalo ni langu. Kwa hilo sina la kujitetea. Naomba radhi kwako, kwa binti, kwa Azizi, na kwa Bi Mwamvua, shikamoo yangu imfikie. Ukikataa, nitajua ni haki yako. Ubavu unauma nikikohoa, na kila ukiuma nasema, halali yangu.

Notburga amerudi juzi. Ameniambia hii barua haifungwi mpaka aisome.

Egidi

Shemeji Nassoro, nimeisoma. Ule msamaha niliokukataza kuuomba, leo nauomba mimi kwako. Nilikutesa bila haki, na wewe ulijua na ukanyamaza kwa ajili yangu. Njoo Krismasi na Bi Mwamvua, jogoo yupo, mtamchinja wenyewe, iwe halali. Uje kwangu. Kwa huyu usije kwanza, huyu bado nina kesi naye, na haitaisha leo wala kesho. Vidonge nampa mwenyewe kila asubuhi, na namwambia afungue mdomo nione kama amemeza. Akiniuliza nitakuwa na kesi naye hadi lini, namwambia mpaka atakapokuwa mzee sana. Notburga.